"The Monsters Are Due on Maple Street": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya kuhusu episodi hii ya The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa Marekani, yanafichua kila kitu, hadi picha ya mwisho. Kama hujaitazama, soma swali la 1 hadi la 5 tu, kaitazame, kisha urudi. Maswali yana namba kwa sababu majibu mengi yanategemeana.

## Mambo ya msingi

1. Ni episodi gani hasa, na ilitoka lini?

Ni episodi ya 22 ya msimu wa kwanza wa The Twilight Zone. Ilirushwa na kituo cha CBS nchini Marekani tarehe 4 Machi 1960. Mwandishi ni Rod Serling, mwanzilishi wa mfululizo wenyewe, na mwongozaji ni Ronald Winston. Ni ya nyeusi na nyeupe na inachukua kama dakika 25 bila matangazo.

2. Lazima nitazame zilizotangulia?

Hapana. Kila episodi ya The Twilight Zone ina hadithi yake na wahusika wake. Mfululizo una episodi 156, kuanzia Oktoba 1959 hadi Juni 1964, na Serling peke yake aliandika 92. Unaweza kuanzia popote, na wengi huanzia hapa.

3. Inahusu nini?

Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi, mtaa uliotulia: watoto wanacheza, muuza aiskrimu anapita, watu wako barazani. Kitu kinanguruma angani na kumulika. Msimulizi anatupa dakika kamili, 6:43, yaani saa 12 na dakika 43 jioni kwa saa zetu. Majirani wanadhani ni kimondo, kisha wanagundua kwamba umeme umekatika, simu zimekufa, redio za betri hazisemi na magari hayawaki.

Wanaume wawili, Steve na Charlie, wanataka kutembea hadi mjini kuulizia. Mtoto anayeitwa Tommy anawazuia. Anasema amesoma kwamba wavamizi wa angani hutanguliza familia inayofanana na binadamu, baba, mama na watoto wawili, ije kuishi miongoni mwa watu na kuandaa njia. Watu wazima wanacheka. Giza linapoingia hakuna anayecheka tena, na kabla usiku haujaisha mtu mmoja ameuawa na mtaa mzima unapigana.

4. Nani anacheza nani?

Claude Akins ni Steve Brand, Jack Weston ni Charlie Farnsworth, Barry Atwater ni Les Goodman, na Jan Handzlik ni Tommy. Burt Metcalfe, anayecheza Don Martin, ndiye yule yule aliyekuja kuwa mtayarishaji wa mfululizo wa televisheni wa M*A*S*H. Atwater naye alirudi kwenye hadithi za anga mwaka 1969, akicheza mhusika Surak katika mfululizo wa Star Trek.

5. Mbona sisikii ule muziki maarufu, wala simwoni Serling akitokea mwanzoni?

Kwa sababu ni msimu wa kwanza. Muziki wa ufunguzi wa msimu huo ulitungwa na Bernard Herrmann, ni wa taratibu na wa kutia baridi. Ule wa gitaa unaojirudia, ambao kila mtu anauimba akitaka kuigiza mambo ya ajabu, ni wa Marius Constant na uliingia msimu wa pili. Serling naye alianza kutokea mbele ya kamera kufungua hadithi kuanzia msimu huo wa pili. Hapa unamsikia sauti tu. Nakala yako haina hitilafu.

## Nani alimshuku nani, na kwa ushahidi gani

6. Nilipotea katikati. Tuhuma zinafuatana vipi?

Hapa ndipo wengi wanapotea, maana kidole kinahama haraka. Mpangilio ni huu:

Wa kwanza ni Les Goodman, kwa sababu gari lake linajiwasha (tazama swali la 7). Mara mtu anakumbuka kwamba Les hakutoka hata kutazama kile kitu kilipopita angani. Jirani mwingine anaongeza kwamba amewahi kumwona usiku wa manane amesimama barazani akiangalia mbingu. Les anajibu kwamba hapati usingizi. Jibu hilo lingetosha siku nyingine yoyote.

Wa pili ni Steve, ambaye hadi hapo alikuwa akiwatuliza wenzake. Inatajwa kwamba ana redio ya mawasiliano nyumbani anayoiunda mwenyewe na ambayo hakuna aliyeiona. Mke wake anajitolea kuileta waione. Steve anakataa, kisha anafanya kosa kubwa: anawajibu kwa kejeli kwamba ndiyo, anaongea na mazimwi ya angani. Mzaha kwa watu walioshikwa na hofu ni petroli.

Wa tatu ni kivuli gizani. Kinakuja kikitembea, na Charlie anakipiga risasi. Kumbe ni Pete Van Horn, jirani yao, aliyekwenda mtaa wa pili kuangalia kama huko umeme upo. Alitoka kungali na mwanga, nyundo yake kiunoni, mbele ya macho ya wote.

Wa nne ni Charlie mwenyewe, taa za nyumba yake zinapowaka ghafla. Tazama ni nani anayeongoza mashtaka hapa: ni Les, mtuhumiwa wa kwanza. Anasema huenda Pete alikuwa amegundua jambo na ndiyo maana Charlie akamnyamazisha. Ukiitazama mara ya pili, mfuatilie Les kuanzia hapo. Amepata nafasi ya kupumua, na bei yake ni shingo ya mtu mwingine.

Wa tano ni Tommy. Charlie, anayevuja damu kwa jiwe lililompata, anapiga kelele kwamba anamjua mhusika: ni mtoto, si ndiye aliyejua yote tangu mwanzo?

Baada ya hapo ni kila mtu kwa kila mtu. Taa zinawaka na kuzima nyumba moja baada ya nyingine, na kila inapowaka umati unageuka.

7. Gari la Les liliwakaje?

Les anajaribu kuliwasha, linakataa. Anashuka, anaondoka, na likiwa halina mtu ndani injini inanguruma yenyewe. Waliolifanya hivyo ni wavamizi walio kilimani (tazama swali la 12). Lakini angalia namna umati unavyolisoma tukio. Dakika chache kabla, gari *lisilowaka* ndilo lililokuwa tatizo la kila mtu. Sasa gari *lililowaka* ni hatia ya mtu mmoja.

8. Charlie alijua anampiga Pete?

Hapana. Hakuna taa, hakuna anayeitikia, na tayari mtu ametamka neno "zimwi". Bunduki ililetwa na jirani, Steve akaichukua ili isitumike, Charlie akamnyang'anya na kufyatua. Kujitetea kwake baadaye ni kwamba angejuaje kuwa yule si zimwi. Hakuna mtu aliyemwita Pete kwa jina kabla ya risasi. Kuita jina kungechukua sekunde moja.

9. Kwa hiyo Tommy ni mmoja wao?

Hapana, na kwenye episodi hakuna hata dalili. Mtoto alikuwa amesoma hadithi za kubuni, akazirudia. Utabiri wake unakaribia ukweli kwa jambo moja, kwamba wavamizi wapo, na unakosea kwa lile lililosababisha maafa, kwamba wako ndani ya mtaa.

10. Wanakufa wangapi?

Kwenye picha, kifo cha hakika ni cha Pete. Charlie anajeruhiwa kichwani. Fujo za mwisho zina mawe, bunduki na mayowe, kisha kamera inapanda juu na kutuacha bila hesabu. Toleo la kitabu linajibu tofauti: tazama swali la 15.

11. Inafaa kwa watoto?

Kwa umri wa miaka 11 au 12 kwenda juu, ndiyo. Kuna risasi moja, maiti isiyo na jeraha la kutisha, na damu kwenye paji la uso la Charlie. Kinachosumbua watoto zaidi ni watu wazima kumkimbiza mtoto. Kaa nao dakika hizo za mwisho.

## Wavamizi na vifaa vyao

12. Wavamizi ni wangapi, na mpango wao ni upi?

Tunaona wawili, karibu na chombo chao kilimani, wakiutazama mtaa chini. Mmoja anamfundisha mwenzake kazi: zima mashine chache, redio, simu na mashine za kukatia nyasi, waache gizani saa kadhaa, kisha kaa utazame. Anasema mtindo ni ule ule kila mara: watu humtafuta adui hatari kuliko wote, na adui huyo ni wao wenyewe. Dunia imejaa mitaa kama huu, nao wataipitia mmoja mmoja. Hawapigi risasi hata moja. Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu kilimani anayejua hivyo na anaitumia.

Kuna swali dogo ambalo wachambuzi hulipita. Kwa nini taa *ziwashwe* tena? Giza peke yake lingewaacha majirani wakiwa kundi moja lenye shida moja. Linalowavunja ni nyumba moja kupata umeme wakati nyingine hazina. Aliyewahi kukaa gizani wakati wa mgao huku jirani wa ukuta mmoja ana taa anaujua mwanzo wa hisia hiyo.

13. Kitaalamu, unaweza kuzima umeme, simu, redio na magari kwa pamoja?

Si kwa kukata waya, na hati ya Serling inalijua hilo. Ndiyo maana majirani wanaorodhesha kifaa kimoja kimoja:

- Umeme wa nyumba unategemea gridi. Kuukata ni rahisi.
- Simu za mezani za enzi hizo zilipata umeme kutoka betri za kituo cha simu, takriban volti 48, kupitia waya wa simu wenyewe. Zilikuwa zikifanya kazi hata umeme wa nyumba ukikatika. Simu kufa ni dalili ya pili.
- Redio ya mkononi ina betri yake. Kama betri ni nzima, inapaswa angalau kutoa mkwaruzo.
- Gari la wakati huo lilihitaji betri, starta, koili, pointi za distributa, plagi na petroli kupitia kabureta. Hakuna waya unaoliunganisha na gridi.

Leo wengi hutaja mpigo wa sumakuumeme, yaani wimbi kali la ghafla linaloharibu vifaa vya umeme kwa mbali. Mfano wake halisi ulikuja baada ya episodi: tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, jaribio la Starfish Prime, na taa za barabarani zikazima Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Magari ya pointi na kabureta ndiyo yanayostahimili mpigo kama huo vizuri kuliko ya leo yenye kompyuta, na mpigo ukishaharibu kifaa hauwezi kukirudisha. Hapa vifaa vinazimwa na kuwashwa kwa kuchagua, na gari linajipiga starta. Huo ni uwezo wa wageni wa angani, hakuna haja ya kuutafutia kitabu cha fizikia.

14. Kile chombo na zile nguo nimeviona mahali. Wapi?

Kwenye filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956. The Twilight Zone ilipigwa picha kwenye studio za MGM, iliyotengeneza filamu hiyo, na stoo ya mavazi na picha za chombo vilikuwa hapo hapo. Mtaa wenyewe pia ni mtaa wa kuigizia wa studio. Bajeti ya televisheni haikuruhusu kuunda chombo kipya kwa ajili ya dakika moja.

## Nyuma ya hadithi

15. Kuna matoleo mengine?

Mawili yanaulizwa sana. La kwanza ni hadithi ya maandishi ambayo Serling mwenyewe aliichapisha mwaka 1960 katika kitabu cha hadithi za mfululizo huu. Humo hakuna anayenusurika, na baadaye wakazi wapya wanahamia mtaani, watu wenye vichwa vizuri sana, kila mmoja akiwa na viwili. Ni mwisho wa kuchekesha na, kwa maoni yetu, dhaifu kuliko wa televisheni. Wavamizi wanaotaka nyumba hawatishi kama wavamizi wanaotaka kutazama tu.

La pili ni la mwaka 2003, katika ufufuo wa mfululizo uliokuwa ukifunguliwa na mwigizaji Forest Whitaker. Humo hofu ni ya magaidi, na walio nyuma ya giza si viumbe wa angani bali jeshi linalofanya majaribio kwa raia wake. Linatazamika, ila limepoteza kitu kimoja: ukishajua kuna serikali ya kulaumu, majirani wanapata kisingizio.

16. Ni kweli inamhusu McCarthy?

Haitajwi popote, lakini mtazamaji wa 1960 hakuhitaji kuambiwa. Seneta Joseph McCarthy alilaaniwa rasmi na Baraza la Seneti Desemba 1954, baada ya miaka ya kuwatuhumu watu ukomunisti, na Hollywood bado ilikuwa na orodha nyeusi ya watu wasiopewa kazi. Mtuhumiwa alipewa njia moja ya kujisafisha, kutaja majina ya wengine. Rudi swali la 6 umtazame Les.

Chanzo kingine hutajwa kidogo. Baada ya kijana mweusi Emmett Till kuuawa Mississippi mwaka 1955, Serling aliandika mchezo wa televisheni uliogusa kisa hicho. Ulipotoka mwaka 1956, wadhamini walikuwa wameubadilisha hadi haukutambulika. Hapo ndipo alipojua kwamba kiumbe wa angani anaweza kusema yale ambayo seneta au raia wa kawaida haruhusiwi kuyasema mbele ya tangazo la sabuni.

17. Nikishaipenda hii, nitazame ipi?

"The Shelter" (1961), ambayo ni majirani na hofu tena, safari hii bila viumbe wowote. "The Invaders" (1961), iliyoandikwa na Richard Matheson, ambamo Agnes Moorehead hatamki neno. Na "To Serve Man" (1962). Usisome chochote kuhusu hizo mbili za mwisho kabla ya kuzitazama.

## Kuigiza jukwaani

18. Tunataka kuiigiza shuleni. Tunahitaji watu wangapi?

Hati ya mchezo huu imo katika vitabu vingi vya fasihi vya shule za Marekani, ndiyo maana swali hili linakuja kila muhula. Panga wahusika 13 wenye maneno: msimulizi, Steve na mkewe, Charlie na mkewe, Les na mkewe, Don, Pete, Tommy na mama yake, na wavamizi wawili. Ongeza umati wa watu 6 hadi 10. Chini ya 6 hauonekani umati. Zaidi ya 10 wanazibana nyumba. Dakika 25 za televisheni huwa 30 hadi 35 jukwaani, kwa sababu umati hauwezi kukatwa kwa kamera.

Hakimiliki bado ipo. Ombeni idhini kabla ya kuuza tiketi.

19. Taa za nyumba tuzifanyeje?

Nyumba 5 za mbao nyembamba au boksi gumu, kila moja na dirisha la karatasi nyeupe na balbu moja nyuma, na kila balbu na swichi yake kwenye ubao mmoja nyuma ya pazia. Andika majina ya wenye nyumba juu ya swichi kwa maandishi makubwa, maana mtu wa swichi atakuwa gizani.

Tumia balbu za LED za wati 9. Zote tano ni wati 45 tu na hazipati joto la kuchoma boksi, ingawa bado ziache sentimita 20 kutoka ukutani. Kosa linalorudiwa ni kutumia mirija ya fluoresenti au balbu za zamani za kuokoa umeme. Mirija hupepesa kabla ya kushika, na balbu zile huanza na mwanga hafifu. Taa ya Charlie lazima iwake *pap*. Ikichelewa sekunde mbili, hadhira inacheka na mchezo umekwisha.

20. Na gari?

Huhitaji gari. Tengenezeni uso wa mbele kwa mbao, mfunge taa mbili za gari za wati 55 na betri ya volti 12. Kila taa inavuta takriban ampea 4.6, jumla ampea 9 na ushee, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu na ncha chanya ya betri. Ya ampea 10 huweza kuungua taa zinapowashwa, maana nyuzi zikiwa baridi huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Sauti ya injini itoke kwenye spika iliyofichwa *nyuma ya gari*. Ikitoka kwenye spika za ukumbi, macho ya watu hayaendi panapotakiwa.

21. Risasi na mawe?

Bunduki ni ya mbao iliyopakwa rangi, sauti ni ya kurekodiwa. Msitumie baruti wala fataki ndani ya ukumbi. Mawe yawe sifongo iliyokatwa na kupakwa rangi ya kijivu. Karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwa gundi ya utepe huwa ngumu na inaumiza jicho. Waambieni warushaji walenge miguu, na Charlie ashike paji la uso akiwa na rangi nyekundu tayari kiganjani.

22. Jina tulitafsirije?

"Mazimwi" ni bora kuliko "majini" au "madubwana". Jini ana dini yake na mambo yake na anaweza kuishi na watu miaka, na dubwana ni ukubwa tu. Zimwi wa ngano anakula watu, na hadhira yetu itakumbuka kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtaani hapa ni kinyume, anayekujua ndiye anayekumaliza.

Shida iko kwenye neno "due", linalosemwa kwa treni au basi lenye saa yake ya kufika. "Mazimwi Yanakuja Mtaa wa Maple" inasikika kama tishio, ilhali jina la asili linasikika kama tangazo la stesheni. Tunayoipendekeza ni "Mazimwi Yanatarajiwa Mtaa wa Maple", na jina la mtaa lisibadilishwe.